Uliza Nikujibu: Yakutsk, mji ambao samaki wanasimama wima sokoni

Mwezi uliopita nilikuwa najibu swali la makoti ya mtumba, nikachomekea tu kidogo kwamba nimekaa Yakutsk miaka minne nikisoma, basi ndo nikajitafutia kazi, maswali yamekuja mpaka mhariri kaniambia ukurasa wa mwezi huu wote chukua maliza mwenyewe. Kwa ambao hamkuisoma ile: Yakutsk ni mji mkuu wa Jamhuri ya Sakha, iko Urusi huko mashariki kabisa, pembeni ya mto Lena, kutoka Moscow ni ndege masaa sita na ushee. Watu zaidi ya laki tatu na nusu, yani sio kijiji, kuna foleni za magari, kuna chuo kikuu, kuna vijana wanavaa kama wa kwenye tiviii. Wastani wa mwezi wa kwanza ni karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, na rekodi yao ni hasi 64.4, ya mwaka 1891. Friza ya nyumbani kwako iko hasi 18. Haya twende.

Habari yako mwanangu. Kijana wangu kapata ufadhili wa kusoma Urusi, tukashangilia, sasa barua imekuja kapangiwa huko huko ulikokuwa wewe Yakutsk. Silali. Ndugu zake wanasema atakufa kwa baridi. Nimnunulie koti gani? Na nitakuwa nampigia saa ngapi? – Mama mwenye wasiwasi, Mbeya

Shikamoo mama. Kwanza ulale. Watu kule wanazaa, wanalea, na watoto wa shule ya msingi wanaenda shule kwa miguu mpaka ifike hasi 45 hivi ndo wadogo wanaambiwa wabaki nyumbani, wakubwa wanaendelea mpaka ikaribie hasi 55. Anayepata shida kwa baridi ya kule ni mlevi aliyelala njiani, au mtu gari imemzimikia porini yuko peke yake. Mwanafunzi anayetoka bweni kwenda darasani anarudi salama.

Koti usinunue mama, hela mpe mkononi. Koti zito la mtumba linalotosha Makete au Njombe kule ni la mwezi wa kumi tu. Masomo yanaanza mwezi wa tisa, akifika atakuta baridi ya kawaida anayoijua, ana kama mwezi na nusu wa kuzunguka madukani na wenyeji wamwelekeze. Ahakikishe amepata buti za manyoya ya miguu ya reindeer, yule mnyama wa kaskazini mwenye pembe za matawi, wanaziita unty, hizo nyepesi halafu hata ukisimama kituo cha basi robo saa vidole unavisikia, buti za mpira au za soli ngumu ya plastiki zinapasuka kama biskuti. Glavu zile za vidole tano asihangaike nazo, achukue zile za kidole gumba kimoja na vidole vingine vyote vinakaa pamoja vinapeana joto. Fulana ya ndani isiwe ya pamba maana pamba inashika jasho na jasho ndo adui, sufu ndo mpango. Na kama anavaa miwani iwe ya plastiki. Mimi nilikwenda na ya chuma, siku ya kwanza ya hasi 40 nikatembea dakika kama kumi tu nikaingia dukani nikaivua kwa haraka niifute ukungu, ikaondoka na kangozi ka juu ya pua. Muuzaji wa kike akaniangalia akachukua plasta kwenye droo bila kuuliza kitu, nadhani sikuwa wa kwanza.

Kingine, na hiki hakuna atakayemwambia kwenye semina ya wageni. Shavu likianza kuganda linakuwa jeupe, na kule ni ustaarabu, mtu usiyemjua kabisa anakusimamisha barabarani anakwambia dada shavu lako, kaka pua yako. Sasa sisi weusi huo weupe hauonekani vizuri, unakuwa kama kijivu hivi, kwa hiyo watu wanapita wanadhani uko sawa. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Kisakha, akanifundisha niwe nakunja sura kila baada ya dakika chache, nivimbishe mashavu, nichezeshe pua kama sungura, sehemu ambayo haisikii ujue hiyo inaenda, unaifunika na kiganja chenye joto na unaingia duka lolote lililo karibu. Kusugua na theluji hapana, huo ni uongo wa zamani unachubua tu. Na mafuta apake ya mgando, losheni za maji maji asipake anapotoka. Nimetembea mji mzima nakunja sura kama chizi na hakuna aliyenishangaa.

Ndani ni joto mama, tena joto la kero. Maji ya moto yanatoka kwenye mitambo ya gesi ya mji yanapita kwenye mabomba mpaka kwenye kila chumba, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, humo ndani tulikuwa tunakaa na singlendi na kale kadirisha kadogo ka juu kako wazi, huku nje hasi 45.

Kuhusu simu hapa ndo utacheka. Kule wametutangulia masaa sita kamili. Kwa hiyo saa yetu ya Kiswahili na saa ya ukutani ya kule zinasoma namba moja! Kwako ikiwa saa mbili asubuhi, ukutani kwake imeandikwa mbili, ila ni mchana. Kwako saa nne asubuhi, kwake nne, jioni inaingia na giza limeshatanda kama ni mwezi wa kumi na mbili, maana jua wakati huo linaonekana masaa matano tu kwa siku. Mpigie mwisho saa kumi jioni ya kwako, baada ya hapo mtoto anataka kulala.

Kaka mimi ni fundi gereji. Niambie ukweli, hizo gari zinawakaje? Oili si inakuwa kama lami? – Fundi wa Nyegezi, Mwanza

Fundi, ungefika kule ungelia kwa furaha, maana nusu ya gari utakazokuta ni ndugu zake hizo ulizo nazo hapo gereji: Toyota za mtumba kutoka Japani, usukani kulia! Na barabara zao wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukitaka kuovateki inabidi uliyekaa naye kushoto akuchungulilie.

Kuwaka haziwaki ndugu yangu, ndo siri yenyewe, kwa sababu haziachwi zikapoa. Mwenye hela ana gereji yenye heta. Mwenye za kati anafunga kifaa cha kupasha moto injini na starti ya kujiwasha yenyewe kila baada ya muda usiku kucha. Wengine wanaliacha gari linanguruma nje ya ofisi kutwa nzima au wanalivika blanketi nene la turubai gari zima, wanaliita natasha kama jina la mwanamke, na ambaye hana vyote hivyo anachomoa betri jioni anapanda nayo ghorofani analala nayo chumbani. Vioo vya madirisha wanabandika kioo cha pili juu ya kile cha kwanza wanaacha upenyo wa hewa katikati, bila hivyo pumzi za abiria zinaganda kwenye kioo huoni nje. Tairi nazo zikilala usiku zinaganda na bapa pale zilipokalia chini, asubuhi mita mia za kwanza gari linadunda du du du kama lina tairi za pembe nne, mpaka zipate moto.

Moshi wa magari yote hayo yanayonguruma, na wa mabomba ya joto, na pumzi za watu, ikishuka chini ya hasi 40 unyevu wote unageuka vumbi la barafu linaning'inia hewani, na kwa kuwa mji uko bondeni na hakuna upepo basi halitoki, siku nyingine wiki nzima. Unaona taa za nyuma za gari la mbele tu, gari lenyewe hulioni. Kuvuka barabara unavuka kwa masikio.

Samahani kwa swali hili lakini lazima liulizwe. Choo? – Nisitajwe

Ghorofani vya kawaida, vya ndani, vya joto. Ila kuna mitaa ya nyumba za zamani za mbao choo kiko uani, mbao tupu, na pale mtu hachukui simu wala gazeti. Nikwambie lakini, miezi saba hakuna nzi na hakuna harufu. Kesi inafunguliwa mwezi wa tano.

Wanakula nini huko jamani, si hakuoti kitu? – Mama Lishe wa Ngamiani, Tanga

Dada hapa umenigusa penyewe. Nenda soko la wakulima pale mjini mwezi wa kwanza. Nje, sio ndani. Samaki wamesimama. Yani wametumbukizwa kwenye ndoo na maboksi wima, mikia chini midomo juu, kama mtu alivyopanga kuni au mikate ile mirefu, maana wakivuliwa chini ya barafu wakitolewa tu hewani wanakakamaa hapo hapo na wanabaki hivyo mpaka mwezi wa nne. Hakuna barafu ya kununua, hakuna harufu, hakuna paka. Muuzaji mama mtu mzima kavaa mpaka macho tu ndo yanaonekana, anakugongea samaki mmoja kwa mwingine, ko ko ko, usikie kwamba ni mgumu sawasawa. Maziwa pembeni yake yameganda kwenye bakuli yakatolewa, yamepangwa kama sahani, unanunua sahani mbili unaweka kwenye mfuko wa rambo unaenda zako. Ndizi sasa ndo ushike roho, zinatoka mbali, ghali, na ukitoka nazo nje mkononi dakika tano zimekuwa nyeusi, inabidi uzibebe ndani ya koti tumboni kama mtoto.

Chakula chao cha heshima ni stroganina. Samaki mbichi. Subiri usikunje uso. Nilionyeshwa na mama wa huyo mwenzangu wa chumba kwao: samaki anaitwa chir, ametoka nje jiwe kabisa, anamsimamisha pua chini juu ya ubao, anapitisha kisu mgongoni na tumboni ngozi inavuliwa kama soksi, halafu anaanza kunyoa kutoka juu kuja chini kwa kile kisu chao chenye mfereji upande mmoja. Zinatoka nyuzi ndefu nyembamba nyeupe zinajikunja kama maranda ya seremala. Haziruhusiwi kuyeyuka, unachukua na vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili manga, unaweka mdomoni, kwanza baridi, halafu zinayeyuka zenyewe zinakuwa kama siagi. Mimi mtoto wa pwani niliyelelewa samaki lazima awe na ndimu na moto nilikula sahani nzima nikaulizia nyingine.

Wanakula pia nyama ya farasi, hao farasi wao wafupi wenye manyoya wanakaa nje kipupwe chote wanachimba theluji kwa kwato wafukue majani. Mwenye masharti ya dini yake aulize kwanza kabla ya kula, mimi siingilii. Maziwa ya farasi wanayachachua yanakuwa kinywaji, kumis, yanawasha ulimi kidogo kama togwa iliyokaa. Na chai wanakunywa ya maziwa! Warusi wengi wanakunywa ya rangi, Wasakha maziwa. Siku niliyowekewa kikombe cha kwanza machozi yalinilenga lenga.

Nimesikia ukitema mate kule yanaganda kabla hayajafika chini. Kweli? – Darasa la saba, Morogoro

Nimejaribu mara nyingi mdogo wangu, yanafika chini yakiwa maji, yanaganda yakishatua. Maji yaliyochemka ndo ukiyarusha juu yanakuwa wingu. Ila kuna kitu bora kuliko hicho: ikishuka kama hasi 50 na pasiwe na upepo wala gari, pumzi yako inaganda pale pale inapotoka na unaisikia, kasauti kama ka mchele unaomwagika polepole kwenye ungo. Wenyewe wanaita mnong'ono wa nyota. Na kipimajoto cha zebaki usiende nacho, zebaki inaganda kwenye hasi 39, wao wanatumia vya spiriti.

Mimi najenga. Nyumba ya ghorofa unaisimamishaje juu ya barafu? Naona picha chini ya majengo kuna uwazi, ni parking? – Fundi mwashi, Dodoma

Sio parking fundi, na ukijenga pale karakana yenye joto umeua jengo.

Iko hivi. Ardhi ya Yakutsk imeganda mwaka mzima kwenda chini mita mia kadhaa. Kuna mfanyabiashara mmoja anaitwa Shergin alitaka kisima cha maji, akaanza kuchimba mwaka 1828, wakachimba mpaka 1837, wakafika mita 116, bado udongo umeganda tu, maji hamna. Kisima hicho mpaka leo kipo mjini. Sasa udongo huo ukiwa umeganda ni mgumu kama zege, hauna shida, ghorofa tisa zinakaa. Shida ni ukipata joto. Nyumba yenye joto ikikaa moja kwa moja chini, joto linashuka, udongo unayeyuka unakuwa uji, nyumba inadidimia. Zipo nyumba za mbao za zamani zimezama mpaka dirisha liko usawa wa barabara na ukuta umeinama kama mlevi. Kwa hiyo wanachimbia nguzo za zege chini sana mpaka kwenye udongo usioyeyuka hata kiangazi, zinaachwa zishikwe na barafu, halafu jengo linakaa juu ya nguzo na chini wanaacha uwazi kama urefu wa mtu, ule upepo wa hasi 40 upite kila siku kuhakikisha msingi haupati joto. Wewe unapambana na unyevu usipande, mwenzio anapambana na joto lisishuke. Mabomba nayo hayazikwi, yanapita juu yamevikwa koti, yakifika barabarani yanapanda kama geti yanashuka upande wa pili.

Wana taasisi nzima ya kusoma udongo ulioganda tu, ya Melnikov, na wale wataalamu ukiongea nao hawaogopi hasi 60 hata kidogo. Wanaogopa kiangazi kirefu. Miaka hii dunia inapata joto na majengo mengine yameanza kupasuka nyufa, hizo ndo habari zinazowanyima usingizi.

Vijijini wanachimba stoo chini, buluus, ni friza ya bure hata mwezi wa saba. Humo wanaweka nyama, na vipande vya barafu walivyokata ziwani mwezi wa kumi na moja ili wayeyushe wanywe. Lakini ardhi hiyo hiyo ukifiwa kipupwe inabidi mkoke moto wa kuni na makaa juu ya sehemu ya kaburi, unayeyuka kidogo mnachimba, mnakoka tena, siku mbili tatu. Vijana wa ukoo ndo wanakesha pale.

Mimi naona hawa watu ni wabishi tu. Dunia kubwa hii, kwa nini wasihame? – Msomaji wa siku nyingi, Mombasa

Bwana mkubwa, na wao Mombasa wanaiuliza hivyo hivyo, ngoja nitafika.

Warusi walijenga boma lao mwaka 1632 ng'ambo ya mto, miaka kama kumi baadae wakalihamishia hapo mji ulipo, wakawakuta Wasakha wenyewe wapo na ng'ombe na farasi wao, walihamia kutoka kusini zamani, lugha yao ni ya jamii ya Kituruki. Wana utenzi wao, olonkho, mtu anauimba masiku peke yake bila kitabu, UNESCO iliutambua mwaka 2005. Wanatengeneza filamu zao kwa Kisakha na kumbi zinajaa. Almasi nyingi za Urusi zinatoka kwenye jamhuri yao. Unamhamisha mtu wa namna hiyo umpeleke wapi? Hata baridi wameipa sura, ni fahali mkubwa mweupe anakuja kutoka bahari ya kaskazini, pembe zikikua ndo baridi inakaza, mwisho wa mwezi wa kwanza pembe moja inakatika, baadae ya pili, mpaka majira yakigeuka mwili mzima unaanguka unachukuliwa na mto Lena kurudi baharini.

Na huo mto ndo uone mambo. Kipupwe unakuwa barabara, malori yanavuka juu ya barafu kwenda ng'ambo, madereva wamefungua mikanda ili likizama waruke. Kiangazi kuna vivuko. Lakini pale katikati, barafu inapopasuka mwezi wa tano na inapoanza kushika mwezi wa kumi, hakuna lori wala pantoni, unavuka na vile vyombo vinavyopuliza hewa chini au unabaki ulipo, na bei za vitu zinapanda. Daraja ndo linajengwa sasa hivi. Kwa hiyo muulize mtu wa Yakutsk miezi gani mibaya, hatakutajia wa kwanza. Atakutajia wa tano wa matope. Atakutajia wa saba pia, maana joto linafika 30 na kuzidi, mbu ni wengi mpaka unawameza, na misitu ikiungua kama 2021 moshi unaingia mpaka ndani ya kabati.

Ila mwezi wa sita kuna Ysyakh, sikukuu yao ya jua, nje kidogo ya mji sehemu inaitwa Us Khatyn. Watu elfu na maelfu wanakesha, wanacheza kwa duara wameshikana mikono wanaitikia mmoja anayeimba, wanamwagia ardhi kumis, na usiku wenyewe hauna giza. Alfajiri wote wanageukia mashariki viganja juu kupokea jua. Mimi nilisimama na yule mama wa stroganina. Baada ya pale tukakaa kwenye majani tunakula, akaniuliza kwetu kunaganda kuanzia mwezi wa ngapi. Nikamwambia hakugandi. Akacheka. Akauliza tena, hata mto? Hata mto mama, hata mwezi wa kwanza. Akaweka kisu chini akaniangalia vizuri.

"Sasa nyama mnaweka wapi?"

Nikamwambia tunanunua nusu kilo, tunaila siku hiyo hiyo. Alinihurumia sana, akaniongezea kipande.